Mche haufanani na mamake: jinsi ya kusoma majani ya miti ya ukame toka mbegu mpaka mti mzima

Wacha nianze na aibu yangu ndio mjue kwa nini naandika hii kitu. Nina kitalu kidogo cha miche hapa Nakuru, upande wa barabara ya Njoro, na kuna siku binamu yangu alitoka Kibwezi na kamfuko ka mbegu za mbuyu. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu yale mabuyu mekundu ya dukani na hayakuota hata moja, manake yale yameshapikwa na sukari na rangi, usijisumbue nayo. Hizi za Kibwezi nilizimwagia maji moto, zikalala humo usiku mzima, nikapanda kwa pakiti za maziwa na zikaota vizuri sana. Mama mmoja kutoka mtaa wa Bahati akanunua miwili. Baada ya miezi kama mitatu akarudi na mmoja mkononi amekunja uso, akaniambia, "Kijana, hii si mbuyu, hii ni avokado umeniuzia." Nikaangalia, kweli, jani moja zima, refu kidogo, laini, hakuna vidole vitano wala nini. Nikamrudishia pesa ya ule mmoja, mwingine akasema ataubakisha aone, na mimi kwa ujinga wangu nikaamua mbegu zilichanganywa huko zilikotoka, nikang'oa miche yote iliyobaki na kutupa kwa lundo la mbolea.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa bayolojia aliyekuja kununua mikaratusi akaona zile maiti pale kwa mbolea, akacheka mpaka akashika kiuno. Kumbe mbuyu mdogo majani yake ni hivyo tu, jani moja moja zima, vidole vinakuja baadaye.

Toka siku hiyo nimekuwa nikifuata majani ya kila mche napanda, na nataka kukuonyesha vile unaweza fanya hivyo nyumbani, iwe uko Nakuru, Kisumu, Nyakach, Baringo, popote. Haihitaji masomo mengi. Inahitaji uzi, daftari, gazeti kuukuu na uvumilivu wa kutong'oa kitu hukijui.

Hesabu majani, achana na wiki

Hili ndilo kosa watu wengi hufanya, wanauliza "mche wa miezi miwili unakuwa na majani gani?" Swali lenyewe haliko sawa. Dada yangu yuko Kisumu, huko ni kama mita 1,130 juu ya bahari na joto unalijua, mimi hapa niko kama 1,850 na asubuhi za Julai ni sweta. Tulipanda mbegu za mgunga za mti mmoja siku moja, na zake zilikuwa mbali sana kabla zangu hazijaamka vizuri, lakini tulipohesabu jani la kwanza, la pili, la tatu kutoka chini, mambo yalikuwa yanabadilika karibu kwa namba ile ile. Kwa hivyo kalenda weka kando, namba ya jani ndio saa ya mche.

Kufanya hivyo, chukua uzi mwekundu ufunge kilegevu juu kidogo ya yale majani mawili ya mbegu, yale manene yanatoka kwanza kabisa, ambayo kazi yake ni kulisha mtoto mpaka ajitegemee. Hayo usiyahesabu. Linalofuata ndio namba 1. Kila ukifika jani la tano funga uzi mwingine, ju majani ya chini yataanguka na ukikosa uzi utapotea hesabu, nakwambia kutokana na machungu. Piga picha kila jani jipya likishafunguka kabisa, weka rula au shilingi 10 kando yake ndio ukubwa ujulikane, andika kwa daftari tarehe, namba, umbo, lina kikonyo (kale kajiti kanashika jani kwa tawi) ama halina, linakaa likitazama juu ama limening'inia.

Mgunga: unyoya wa kuku ndani ya unyoya wa kuku

Anza na mgunga, ile akeshia ya ngozi ya manjano iliyozunguka Ziwa Nakuru, ambayo mingi sasa imesimama imekufa ndani ya maji tangu ziwa lipande. Mbegu zake ni rahisi kuota, maji moto na usiku mmoja, ama ukate ganda kidogo na kikata kucha upande ule usio na kitovu.

Sasa chukua unyoya wa kuku uangalie. Uti mmoja katikati, vinyoya pande mbili. Hilo kwa kawaida ndilo jani la kwanza la mgunga: uti mmoja, vijani vidogo vimepangana kushoto na kulia, basi. Ukiona hilo peke yake unaweza dhani ni mkwaju. Halafu jani la pili au la tatu linakuja na kitu tofauti, uti unagawanyika, na kila tawi la uti linakuwa unyoya wake mwenyewe. Kwanza jozi moja ya manyoya, baadaye mbili, mpaka mti mzima ambao jani moja tu lina jozi tatu mpaka sita hivi za manyoya na kila unyoya una vijani vingi vidogo kuliko punje ya mchele. Ukipanga majani kumi ya kwanza kwa gazeti kwa mstari utaona kama ngazi, kila moja limegawanyika zaidi kidogo kuliko lililotangulia.

Mathenge, ule mti vamizi wa miiba wa Baringo, nayo huanza vivyo hivyo, unyoya mmoja kwanza halafu mgawanyiko, na hapa kuwa makini sana kama uko Marigat au umeletewa samadi ya mbuzi kutoka huko, manake mbegu zinapita tumboni mwa mbuzi zikiwa hai na zinakuotea kwa kitalu bila kualikwa. Usijaribu kutofautisha mathenge na mgunga kwa jani la kwanza, utakosea. Ngoja jani la saba, la nane. Mathenge hubaki na jozi moja, mbili, tatu za manyoya lakini vijani vyake ni virefu kuonekana wazi, wakati mgunga unazidi kukatakata.

Kwa nini mti ujisumbue hivyo? Jani kubwa zima kwenye jua kali bila upepo linapata joto kama bati, lakini kipande kidogo cha jani upepo mdogo tu unapita na kukipoza, hakihitaji kumwaga maji mengi kujipoza. Mti mzima uko juu, kwa jua lote, na kiangazi cha Desemba mpaka Machi unakijua. Mche wenyewe uko chini katikati ya nyasi, kuna kivuli, mvua ya Aprili ndio imemwotesha, udongo una maji, na shida yake kubwa ni kukua haraka kabla nyasi hazijamfunika. Jani la bei rahisi linamtosha.

Mbuyu: subira tu

Huku kwetu mbuyu ni mti wa kigeni kidogo, kwao ni Pwani na Ukambani, lakini unaota sehemu kavu zenye joto na watu wanautaka. Nimeshaeleza majani ya kwanza ni moja moja zima. Baadaye unaanza kuona jani lenye vipande viwili, ama vitatu, halafu vitano mpaka saba kama vidole vya mkono. Hii inaweza chukua muda mrefu na haifanani mche kwa mche, miche ya tunda moja inaweza pishana sana, kwa hivyo usitishwe na jirani ambaye wake una vidole tayari.

Kitu kilinishangaza zaidi ni kwamba hata mbuyu mzee ukianza kuchipua baada ya kiangazi, majani ya kwanza ya msimu yanaweza kuwa mazima kwanza, halafu ya vidole yanafuata. Yaani mzee anakumbuka utoto kidogo kila mwaka.

Na kama bado una wasiwasi, toa udongo kidogo na kidole kando ya shina la mche. Mbuyu mdogo una mzizi umenenepa kama karoti, avokado haina hiyo. Laiti ningejua hiyo siku ile.

Mutarakwa na bluegum, hapa ndio mchezo unakolea

Kama huna subira ya kupanda, nenda kwenye mutarakwa, sida yetu ya kienyeji, ile ya nguzo za fensi ambazo mchwa hawali. Iko kwa misitu mikavu ya nyanda za juu, upande wa Naivasha, Eburru, Mau. Shika mche kwa mkono mtupu, utachomwa, majani ni sindano za kama sentimita moja. Sasa shika tawi la mti mzima, hakuna sindano, ni magamba madogo yamelala yakibana kijiti kama ngozi ya mjusi. Mtu asiyejua atakuapia hiyo ni miti miwili tofauti. Saiprasi pia hufanya hivyo. Magamba yamebana hivyo kwa sababu sehemu ya jani inayokaa kwa hewa kavu inakuwa ndogo sana.

Bluegum, na hapa nasema ile yenyewe ya majani ya bluu, sio kila mkaratusi, si mti wa ukame hasa, asili yake ni Tasmania na kusini mashariki mwa Australia, lakini kwa kujifunza hakuna mwalimu mzuri kama huyu na uko kila mahali kuanzia Molo mpaka Elburgon. Mdogo: majani mawili mawili yanatazamana, hayana kikonyo, yamekumbatia shina, rangi ya bluu nyeupe kama yamepakwa unga, na shina lenyewe lina pembe nne, lizungushe kwa vidole utasikia. Mkubwa: majani moja moja kwa kupishana, yana kikonyo, marefu yamejipinda kama mundu, kijani iliyoiva, na yamening'inia chini ili jua la saa sita lipite kando badala ya kuligonga jani usoni.

Na jambo la kufanya wikendi hii: tafuta bluegum iliyokatwa mwaka jana. Kwa kisiki machipukizi yanatoka na majani ya utoto, bluu, ya kukumbatia shina, ingawa mti wenyewe ulikuwa na majani ya mundu huko juu. Sehemu ya chini ya shina haijawahi kuzeeka hata kama kilele kimezeeka. Ndio maana wanaootesha mikaratusi kwa vipande hutumia machipukizi ya kisiki, yanashika mizizi, kipande cha kutoka kileleni mara nyingi hugoma tu mpaka kikauke. Mjerumani Karl Goebel alikuwa ameshaipa hii tabia ya majani kubadilika jina la kisayansi mwishoni mwa karne ya 19, na 2011 watafiti wakaonyesha kwamba kuna kitu kidogo ndani ya seli, miR156, kikiwa kingi mmea unabaki mtoto, kikipungua majani ya ukubwani yanatokea, na hiyo ni kwa miti kabisa, bluegum na akeshia zikiwemo.

Kuna pia akeshia za Australia ambazo zinafanya vituko zaidi. Jamaa mmoja wa Njoro ana moja uani, inaanza na jani la manyoya kama mgunga wetu, halafu kikonyo kinaanza kupanuka na kuwa bapa, manyoya yanapungua kwa ncha, mpaka mwisho manyoya yanapotea kabisa na kinachobaki unachoita jani ni kikonyo tu kimesimama wima. Ukibahatika kupata lile la katikati, kikonyo bapa na kamanyoya mawili yamebaki juu kama kofia, likaushe ulihifadhi, hilo ni dhahabu.

Pima, usiangalie tu

Macho yanadanganya, sasa tupime. Chukua ile mashine ya kutoboa karatasi ya ofisini, ya tundu la milimita 6. Toboa vipande 100 kwa majani ya utoto na 100 kwa majani ya ukubwani, epuka uti wa katikati. Kila kipande ni kama sentimita mraba 0.28, kwa hivyo 100 ni kama 28. Vikaushe ndani ya gazeti wiki moja juu ya kabati, halafu nenda na bahasha mbili kwa sonara mwenye mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, mwambie ukweli asidhani umeleta bangi. Eneo ni lile lile, kwa hivyo chenye uzito zaidi ndicho jani lililowekezwa zaidi, nene, lenye ngozi ngumu. Kwa bluegum utaona tofauti bila kubishana. Kwa mgunga hii njia haifai, vijani ni vidogo kuliko tundu, hapo tumia majani mazima, yabandike kwa karatasi ya grafu, chora, hesabu miraba, ni kazi ya kuchosha lakini inafanyika.

Ingine ni ya vile vitundu vya kupumulia, stomata. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, na jani lingine upande wa juu, eneo la ukucha tu, iache ikauke dakika 10 au 15, bandika selotepu, vuta polepole, bandika kwa kioo cha maikroskopu. Hapa utahitaji rafiki kwenye labu ya shule, lenzi ya simu haifiki. Ukianza na jani la bluegum la utoto, futa ule unga kwanza na pamba taratibu, la sivyo rangi haishiki. Utakuta la utoto vitundu karibu vyote viko chini, la ukubwani viko pande zote mbili. Na inaleta maana ukikumbuka vile linaning'inia, halina tena juu wala chini, pande zote zinapata mwanga sawa.

Mtego mkubwa: kivuli

Hapa ndipo hata wenye digrii huanguka. Jani lililokulia kivulini huwa pana lakini halina unene, liwe la mche ama la mzee wa miaka 80. Ukitoa jani la mche chini ya neti ya kitalu, ukalilinganisha na jani la mti mzima kwa jua kali, umelinganisha vitu viwili kwa mpigo na hujui ni umri ama ni kivuli umepima. Kwa hivyo toa miche mitatu nje kwa jua kamili tangu jani la tatu, mingine mitatu iache kwa neti, mwagilia sawa. Kwa mti mzima chukua jani la upande wa jua na jingine la ndani kabisa kwenye matawi. Tofauti inayobaki kati ya mche wa juani na mti wa juani ndio ya umri.

Maji pia, mche uliokosa maji hutoa majani madogo magumu kabla ya wakati na utadhani amekomaa. Mpe maji, majani yanayofuata yatarudi kawaida. Ukubwa wa jani unabadilika na shida, lakini mpangilio wake, mazima ama ya vidole, mawili mawili ama kupishana, huo ndio wa kuamini zaidi.

Kama uko karibu na ule msitu wa euforbia ndani ya mbuga ya Nakuru, angalia kwa macho tu, kwanza ni mbuga, pili utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mti mzima hauna jani la maana, shina la kijani ndilo linapika chakula, ila mche mdogo kwa ncha utaona vijani vidogo vinavyotoka na kuanguka haraka.

Kwa kitalu

Siku hizi kila aina naanza na tray moja ya mfano ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kupalilia, hata mimi. Majani ya kwanza mpaka la kumi nayakausha kwa kitabu cha simu cha zamani, nabandika kwa kadi ngumu na selotepu, namba chini ya kila moja, na hiyo kadi imening'inia pale mlangoni. Kastoma akinunua mbuyu au mutarakwa namwonyesha kadi kwanza, anaenda akijua ataona nini na baada ya nini.

Yule mama wa kutoka Bahati juzi amenitumia picha kwa WhatsApp. Ule mche aliobaki nao sasa umefika magotini, na jani la juu kabisa limegawanyika, vipande vitatu, kimoja cha pembeni kidogo kama ukucha wa mtoto. Anauliza huu ni ugonjwa gani na anyunyizie nini. Nimemwambia, mama, tafadhali usinyunyizie kitu, na ile pesa niliyokurudishia si uniletee.